Kabla hujaingia ziwani usiku na tochi ya chipu nne

Tochi ya kwanza ya aina hii kufika mezani kwangu, hapa Kirumba, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, ililetwa na mvuvi wa dagaa wa Igombe. "Fundi, dukani ilikuwa inapiga mpaka ng'ambo. Nikifika majini, robo saa haijaisha, inafifia kama koroboi." Niliifungua yote nikaikagua, sikukuta kilichokufa. Ilikuwa inapata joto, kisha inajipunguza yenyewe isije ikaungua. Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza anunue tochi gani ya ziwani, namwambia aachane na mwanga wa dakika ya kwanza. Autafute ule wa dakika ya ishirini, maana huo ndio utakaokuwa naye upepo ukibadilika.

Izime tochi yako uchungulie kwenye kioo. Katikati kuna kidoa cha njano, na ukitazama vizuri utaona mistari miwili membamba iliyokatana kama alama ya kujumlisha. Hizo ni chipu nne za LED, yaani vipande vidogo vinavyotoa mwanga, zilizopangwa pamoja. Kila moja hutoa mwanga wa bluu, na ile njano iliyopakwa juu yake ndiyo inayoufanya uonekane mweupe. Seoul Semiconductor ya Korea Kusini ilipotoa P7 yake, chipu nne hizo ziliweza kutoa lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) 900 hivi kwa ampea 2.8, na wakati ule watu walishangaa. Mwaka 2014 Cree ya Marekani ikaleta XHP70, inayopita lumeni 4,000 ikilishwa wati 32. Kwa kitu kinachotosha kwenye ukucha wa kidole gumba, hayo ni maendeleo makubwa, na mimi nayafurahia kweli.

Sasa zifikirie hizo wati 32. Zaidi ya nusu yake haiwi mwanga, inakuwa joto. Balbu za zamani za waya zilitupa joto lao mbele pamoja na mwanga, lakini chipu hulisukuma nyuma, kwenye kibati ilichochomelewa. Kutoka hapo lipite kwenye bomba la alumini, lifike mkononi mwako na hewani. Kwa hiyo kabla ya kununua, ipime tochi kwa mkono. Kichwa kiwe kizito, cha chuma, chenye mifereji. Ukiiwasha kwa nguvu zote, baada ya dakika mbili tatu kichwa kinatakiwa kuwa cha moto. Wengi wanaogopa hapo, kumbe ndiyo dalili njema: joto linatoka. Ya kuogopa ni ile ambayo kichwa chake bado kimepoa huku mwanga unafifia na kugeuka bluu. Hapo joto limekwama kwenye chipu, na chipu ya namna hiyo haina maisha.

Jaribio lenyewe halina gharama. Chaji betri mpaka zijae, nenda ufukweni giza likishaingia, chagua jiwe moja la mbali (Mwanza mawe hatukosi), washa kwa nguvu ya juu na utazame saa. Angalia unachoona dakika ya kwanza, ya tano, ya kumi na ya ishirini. Ujue pia kwamba kipimo cha Marekani kinachoitwa ANSI FL1 kinaruhusu lumeni za kwenye boksi zipimwe kuanzia sekunde 30 baada ya kuwasha, na muda wa kuwaka uhesabiwe mpaka mwanga ubaki sehemu moja ya kumi. Boksi likisema saa tatu, si saa tatu za mwanga ule uliouona dukani.

Betri ndiyo inayoleta wateja wengi kwangu. Tochi hizi nyingi zinatumia betri za lithiamu za 18650, yaani upana milimita 18 na urefu 65. Betri nzuri ya umbo hilo kwa kawaida huishia kwenye mAh (kipimo cha ujazo wa chaji) 3,500 hivi. Lakini mtaani utakuta zimeandikwa 9,900. Siku moja nilichukua moja ya hizo nikaenda kwa jirani mwenye mizani ndogo ya kupimia dhahabu. Betri halali ina gramu 45 hivi, ikizidi si sana. Ile ilikuwa na 31. Nilipoipasua ganda nikakuta ndani kuna betri nyembamba zaidi, pembeni imejazwa kitu kama unga mkavu. Mwenye nayo alikuwa anavuka nayo kwenda Ukerewe kila wiki.

Hesabu yake ni rahisi, ifanye kabla ya safari. Betri ya mAh 3,000 ikilisha chipu inayokula ampea 2.8 itakupa saa moja na dakika chache. Betri mbili za hivyo zina wati-saa 22 hivi, yaani zinaweza kulisha wati 22 kwa saa moja. Zipe kazi ya wati 32 na hazifiki dakika 45. Usiku wa dagaa ni mrefu kuliko hapo. Ndiyo maana nguvu ya juu iwe ya kutafutia boya au kumulika mwamba, halafu urudi nguvu ya kati au ya chini, ambako tochi hiyohiyo inaweza kukufikisha alfajiri.

Hili nalisema kwa msisitizo: chipu za volti 6 au 12 mara nyingi hutaka betri mbili au zaidi zilizofuatana. Hizo zinunuliwe pamoja, zitumike pamoja, zichajiwe pamoja. Usichanganye mpya na kuukuu, wala usichomoe moja kutoka kwenye laptopu iliyokufa ukaioanisha na ya dukani. Ile dhaifu ikiisha kwanza, mwenzake anaendelea kuisukumia umeme kinyume, na ndani ya bomba lililofungwa kabisa betri ya lithiamu inaweza kupasuka na kuwaka. Ndani ya mtumbwi wa mbao wenye dumu la petroli, sitaki hata kulifikiria.

Mwanga wenyewe nao si wa namna moja. Chipu nne zina uso mpana, kwa hiyo mwanga wake hutawanyika: mzuri kwa kuchambua nyavu, kupakua, kuona pande zote za mtumbwi. Kama kazi yako ni kumulika mbali, tochi ya chipu moja ndogo yenye kikombe kipana (kile cha kung'aa kinachozunguka chipu na kurudisha mwanga mbele) itaishinda hata ikiwa na lumeni chache. Kikombe laini sana kwenye chipu nne huacha doa jeusi katikati ya duara la mwanga. Chenye vinundu kama ganda la chungwa hulifuta. Kukiwa na ukungu, mwanga mweupe mkali hukurudia machoni. Punguza nguvu, shusha tochi chini ya usawa wa macho. Na usimmulike nahodha wa mtumbwi unaokuja: macho yake yatahitaji dakika 20 au zaidi kuzoea giza tena.

Kwa maji, tafuta alama IPX7, maana yake ilistahimili nusu saa kwenye kina cha mita moja. IPX4 ni ya maji ya kurukia tu. Hata hivyo alama hiyo inategemea kampira kembamba cha kwenye uzi wa kifuniko. Kifute mchanga, kipake grisi ya silikoni kidogo, na kikichanika kibadilishe siku hiyohiyo.

Ikiwa kwenye begi, legeza kifuniko cha nyuma nusu mzunguko ili isijiwashe. Nimeshaletewa begi la nailoni lililotobolewa na tochi iliyobonyezwa na chungu cha ugali. Ifunge kamba ya mkononi, kwa sababu alumini haielei na ziwa letu lina sehemu zenye kina cha mita 80. Yule mvuvi wa Igombe siku hizi anayo nyingine ndogo shingoni, ya betri moja ya kawaida, na ile kubwa nilimwekea alama ya rangi ya kucha pale inapokaa nguvu ya kati.