Jinsi ya kujua kama thairoidi yako ina shida au ni uchovu tu

Watu wengi wakisikia thairoidi wanawaza uvimbe mkubwa shingoni basi, mtu anajipapasa shingo akikuta iko flati anasema mi mzima. Hapo ndo tunapokosea, manake thairoidi inaweza kukusumbua mwaka mzima na shingo isivimbe hata kidogo, na mwingine ana rovu linaonekana kabisa ila homoni zake ziko sawa.

Hii tezi ina umbo la kipepeo, iko mbele ya shingo chini kidogo ya kikoromeo, na homoni zake ndo zinapanga mwili uende spidi gani: moyo, tumbo, joto, ngozi, hedhi, mpaka akili. Kwa hiyo dalili zake zinatokea kila kona na kila moja ukiiangalia peke yake ina kisingizio chake. Usitafute dalili moja, angalia zilizokuja pamoja, na kipi kimebadilika ndani ya miezi michache bila sababu ya maana.

Ikiwa inafanya kazi chini ya kiwango, mwili wote unakuwa slo. Unalala masaa nane unaamka umechoka, unaongezeka kilo wakati chakula ni kilekile (sio kilo 30 lakini, hizo tusiisingizie thairoidi), wenzako wako sawa we unasikia baridi, choo kigumu, ngozi kavu, nywele zinakatika, uso umevimba hasa asubuhi, sauti inakwaruza, hedhi inatoka nyingi, unasahau sahau na moyo mzito yaani hutaki hata kuongea na mtu. Wengi hapa wanaambiwa ni stresi au uzee na wanakubali.

Ikizidisha, kinyume chake. Unakula vizuri tu afu unapungua, jasho, joto hulivumilii, mikono inatetemeka (nyoosha vidole weka karatasi juu yake, utaona inavyocheza), usingizi hamna, hasira za karibu, choo mara kwa mara, na moyo unadunda kama umekimbia wakati umekaa. Huo moyo upime, hesabu mapigo dakika nzima asubuhi kabla hujainuka kitandani, mtu mzima kwa kawaida ni 60 mpaka 100, ukipita 100 siku kadhaa mfululizo usipuuze. Macho yakianza kutokeza nje au kuwasha kama yana mchanga, mara nyingi ni ugonjwa wa Graves, yaani kinga ya mwili yenyewe inaisukuma thairoidi izidishe.

Wanawake wanapata zaidi kuliko wanaume, na mama aliyejifungua ndani ya mwaka mmoja awe makini zaidi, manake kila mtu atamwambia uchovu ni wa mtoto. Kwa wazee dalili zinadanganya, thairoidi inaweza kuwa juu na yeye amepoa tu, anakonda na moyo unaruka mapigo.

Shingo yenyewe icheki hivi: simama mbele ya kioo, inua kidevu, kunywa funda la maji, angalia chini ya kikoromeo wakati unameza. Ukiona uvimbe unapanda na kushuka, au upande mmoja umetuna, kaonyeshe. Kikoromeo chenyewe kinapanda pia, usikiogope.

Baada ya hapo ni damu, hakuna mtu anayeweza kukuambia kwa macho. Omba kipimo cha TSH, na kama hakiko sawa waongeze T4 huru, yaani homoni ya thairoidi yenyewe iliyo kwenye damu. TSH inatoka kwenye tezi iliyo chini ya ubongo na inafanya kazi kama mtu anayebisha hodi, wa ndani asipoitika anabisha kwa nguvu zaidi, ndo maana TSH ikiwa juu mara nyingi thairoidi yako imelala, na ikiwa chini sana basi imezidisha. Watu huwa wanasoma majibu kinyume hapa. Kama unameza vidonge vya nywele na kucha vyenye bayotini sema mapema, vinavuruga majibu, kwa kawaida unaviacha siku 2 kabla. Na usianze dawa za mtu mwingine hata kama dalili zenu zinafanana, ukikosea upande unauongezea moyo mzigo.

Usisubiri kipimo kama uvimbe unakua haraka, kumeza au kupumua kumekuwa shida, au moyo unaenda mbio pamoja na homa kali na kuchanganyikiwa. Hiyo ni emajensi, nenda leo leo.