Mkonga, geji ya upepo na tope la Ndutu

Kwenye mfuko wa mlango wa dereva nina geji ya upepo ya sindano. Kioo chake kimekwaruzika hadi namba zinasomeka tu nikiigeuzia juani. Ukiacha usukani, hakuna kitu humo garini ninachokishika mara nyingi kama hiyo geji. Vijana wanaonifuata Arusha kuniuliza namna ya kuandaa gari la porini huanza na winchi, taa za juu na bampa la chuma. Nawaomba waanze na upepo wa matairi.

Gari langu ni Land Cruiser HZJ75 ya mwaka 1997, ile familia ambayo watu huiita mkonga kwa ajili ya bomba la hewa lililopanda pembeni mwa kioo. Injini ni 1HZ: dizeli, silinda sita, lita 4.2, haina turbo wala kompyuta. Ikizima katikati ya tambarare za Salei, fundi yeyote mwenye spana ana pa kuanzia.

Ukienda kununua gari la aina hii, usihangaike na rangi. Lala chini na tochi. Tazama chasisi pale springi za nyuma zinapofungwa: ukiona imechomelewa vipande juu ya vipande, ondoka, hata muuzaji akikupunguzia bei. Kisha pitisha kidole kwenye vile vifundo vya mviringo nyuma ya matairi ya mbele. Utando mwembamba wa grisi ni wa kawaida. Oili nyepesi inayochuruzika maana yake sili ya ndani imekufa na oili ya difu, yaani ya gia za katikati ya ekseli, imeshachanganyika na grisi. Mwisho, uliza taimingi belti, mkanda unaoendesha valvu za injini, ilibadilishwa lini. Asiyejua kukujibu, ihesabu kuwa haijabadilishwa. Yangu naibadilisha kila kilomita 100,000.

Fedha yangu ya kwanza ilikwenda kwenye matairi, ya pili kwenye springi za pleti na shokapu. Gari lilinijia likiwa limelala nyuma. Fundi wangu wa mtaa wa Unga Limited, Arusha, alitaka kuliinua sana lionekane refu, nikakataa. Gari refu lenye mzigo hupinduka upesi kwenye mteremko wa pembeni, na madumu ya juu yanazidisha. Dumu la lita 20 za dizeli lina kilo 17 hivi bila kuhesabu dumu lenyewe. Ukipanga manne juu ya keria umeweka mtu mzima akining'inia darini kila unapokata kona. Mzigo mzito uweke chini, katikati ya ekseli mbili, na uufunge.

Mkonga wenyewe unahitaji kujaribiwa, maana wengi wanao na hauwasaidii kitu. Washa gari, liache lingurume bila kukanyaga mafuta, mtu mmoja akae tayari kuzima. Ziba mdomo wa juu wa bomba kwa kipande cha mpira. Injini inatakiwa ipaliwe na kuzimika. Ikiendelea kunguruma kama kawaida, inavuta hewa mahali pengine, na mahali hapo ndipo maji yatakapoingilia. Bomba langu lilikuwa likivuta hewa kwenye kiungo kilichokuwa ndani ya bawa, lile bati linalofunika tairi la mbele; kilikuwa hakijabanwa. Maji hayagandamiziki kama hewa. Yakifika ndani ya silinda, konrodi, fito inayoshika pistoni, inapinda, na hapo unazungumzia injini nyingine.

Jambo dogo linaloendana na hilo ni pumzi za difu, vile vitundu vya kupumulia hewa. Difu iliyochemka ikiingia ghafla kwenye maji baridi huyavuta kupitia pumzi yake. Mpira mrefu uliopandishwa hadi usawa wa injini unamaliza tatizo kwa gharama ndogo. Baada ya kuvuka maji mengi fungua nati ya difu, tazama oili. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, imwage siku hiyo hiyo.

Sasa kuendesha. Habu za mbele za kuzungusha kwa mkono, zinazounganisha matairi ya mbele na ekseli yake, nazifunga asubuhi pale lami inapoishia, nikiwa bado na viatu safi. Usisubiri ukwame ndipo uanze kuzitafuta ndani ya tope. Lever naisogeza H4 (matairi yote manne, gia za kawaida) kabla ya eneo baya, na L4 (matairi yote manne, gia nzito za mwendo wa pole) gari likiwa limesimama. Kwenye lami kavu usiendeshe ukiwa umeingiza H4, kwa sababu gari hili halina difu ya katikati: ekseli mbili zinabishana kwenye kila kona na giaboksi inaumia.

Upepo. Nikiwa na mzigo lami naweka PSI 36 mbele na 45 nyuma. Kwenye rasta, yale matuta madogo madogo ya barabara ya vumbi, za kutoka Mto wa Mbu kuelekea Engaruka nashuka hadi 30 mbele na 35 nyuma. Gari linaacha kupiga meno na shokapu hazichemki upesi. Ukifika makorongo ya mchanga ya upande wa Ziwa Natron, 18 kote. Tairi linatandaza tumbo na kuelea juu ya mchanga badala ya kuuchimba. Matairi yangu yana tyubu, kwa hiyo sishuki chini ya hapo, na nikiwa na upepo huo sipandi zaidi ya kilomita 30 kwa saa wala sikati kona kwa nguvu. Rimu ikizunguka ndani ya tairi, inang'oa pua ya tyubu. Mchangani ukitaka kusimama, achia mafuta gari lisimame lenyewe. Breki hujenga kichuguu mbele ya kila tairi.

Tope ni habari nyingine, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu liliniumiza. Februari 2016, Ndutu, kusini mwa Serengeti, saa kumi jioni, nyumbu wakiwa wamezaa uwanda mzima, nilifuata alama za gari lililonitangulia bila kuteremka. Alama zilikuwa za asubuhi, na mvua ilikuwa imenyesha mchana. Katikati gari likapungua, nikakanyaga mafuta. Ndilo kosa lenyewe. Tairi likizunguka gari lisiende, kila sekunde unajichimbia. Nilipoachia, difu ya nyuma ilikuwa imekaa juu ya udongo na matairi yananing'inia. Tulitoka saa tatu usiku.

Siku hizi natazama kwanza kwa darubini ndani ya gari, mbele, nyuma na kwenye vichaka. Ndani ya hifadhi za taifa huruhusiwi kushuka ovyo, na Ndutu kuna simba. Penye ruhusa na usalama nateremka na fimbo. Ninaichoma kwenye njia ya tairi: ikiingia kiganja kimoja kisha ikagonga pagumu, napita. Ikizama hadi goti, nazunguka. Nachukua udongo kidogo nausokota. Ukisokoteka kama kamba bila kukatika, ni mfinyanzi mweusi, utajaza meno yote ya tairi na kulifanya laini kama chupa. Huo naupita kwa L4, gia ya pili, mwendo mmoja, nikichezesha usukani kidogo kushoto na kulia ili kingo za tairi zitafute pa kushika.

Ukikwama, zima gari. Mmoja akae juu ya keria atazame wanyama, wengine wafanye kazi. Shusha upepo hadi 20. Chimbua kwa beleshi chini ya difu na mbele ya kila tairi, kwa sababu mfinyanzi unanyonya. Weka ubao mnene chini ya jeki ndefu, inua tairi, jaza chini yake mbao ulizobeba; matawi ya miti ya hifadhini hayakatwi. Mpini wa jeki hiyo uuheshimu. Usiuachie ukiwa katikati, na uso wako usiwe juu yake: nimeona ukiruka na kumvunja kijana taya, na mpaka leo upande mmoja hatafuni vizuri.

Ukivutwa na gari jingine, funga mkanda kwenye ndoano ya chasisi. Kichwa cha kuvutia tela kikikatika kinaruka kama risasi. Kama ni kamba ya chuma, itupie turubai au koti zito katikati, na kila mtu akae mbali kuliko urefu wa kamba yenyewe.

Maji yanayotembea nayapima kwa miguu yangu. Nisipoweza kusimama humo, gari halipiti. Makorongo ya huku hujaa kwa mvua iliyonyesha mlimani na hupungua kwa saa chache. Nachomeka kijiti ukingoni, nachemsha chai, natazama maji yakikiacha kijiti.

Jioni, kambini, napita na spana: nati za shokapu, betri, keria. Chujio la hewa nalitoa na kulipuliza kutoka ndani kwenda nje, hasa nikitoka Natron, ambako vumbi la majivu ya volkano ya Oldoinyo Lengai ni laini kama unga wa muhogo. Na kurudi Mto wa Mbu, kabla sijagusa lami, nasimama chini ya mti, nafungua habu zote mbili, nachomeka pampu kwenye betri na kurudisha 36 mbele, 45 nyuma, nikiigeuzia geji juani.