Kuchuma stroberi Japani wakati wa baridi: usipoteze dakika zako 30

Kule Japani, stroberi hunoga wakati watu wamevaa makoti. Hulimwa ndani ya vitalu nyumba vya plastiki, na mashamba mengi hupokea wageni kuanzia Desemba au Januari hadi Mei. Unalipa kiingilio, unaingia, unakula ushibe mpaka muda uishe, mara nyingi dakika 30.

1. Chagua mkoa. Ukiwa Tokyo, nenda Tochigi, mkoa unaosifika kuliko yote kwa stroberi, ulizia aina ya stroberi iitwayo Tochiotome. Mkoa wa Fukuoka wanajivunia aina yao ya Amaou, kubwa na za mviringo. Mimi napenda eneo la Kunozan, mkoani Shizuoka. Miche imepandwa kwenye mteremko unaotazama bahari, katikati ya kuta za mawe au saruji. Mchana kuta hushika joto la jua, usiku huliachia kwenye mizizi.

2. Weka nafasi mapema. Januari na Februari bei iko juu. Kuelekea Mei hushuka. Omba zamu ya asubuhi, tunda likiwa bado baridi na gumu kidogo. Vaa nguo za kupunguza, kwani humo ndani kuna joto.

3. Chuma kwa kiganja. Hapa ndipo wengi huharibu. Usitazame ukubwa, tazama yale majani madogo kichwani: yakiwa yamejikunja kwenda juu na wekundu umefika hadi chini yake, limeiva. Usilibonyeze. Pitisha kikonyo kati ya kidole cha shahada na cha kati, tunda likae kiganjani, kisha pindua kiganja ghafla. Kikonyo kitakatika chenyewe. Ukivuta, utang'oa kishada kizima pamoja na maua na matunda mabichi, na mwenye shamba atakuangalia vibaya, ana haki. Nyuki wanaozunguka wamewekwa makusudi kuchavusha maua, usiwapigepige.

4. Anza kula upande wa majani. Utamu umejaa nchani, kwa hiyo ncha iwe ya mwisho. Mashamba mengi hukupa maziwa mazito ya sukari ya kuchovyea. Yaache kwanza, ukishayaonja, stroberi zote zitakuwa na ladha moja. Vikonyo tia kwenye chombo ulichopewa.

5. Za nyumbani nunua. Kula ni humo humo, usifiche mfukoni. Ukinunua pakiti, chagua zilizoiva kabisa, maana haziongezi utamu zikishachumwa. Weka kwenye friji bila kuosha. Osha unapotaka kula, kabla hujatoa majani, zisinywe maji.