Umeona "Cash Advance Fee" kwa stetimenti ya kadi? Anza hapa

Stetimenti ya kadi ya mkopo ikiingia kwa emaili wengi wetu macho yanakimbia chini kwa jumla, alafu siku moja unakuta mstari wa "Cash Advance Fee", yaani ada ya kuchukua pesa taslimu kwa kadi ya mkopo, na mwingine wa riba na wewe unajua deni la mwezi uliopita ulilimaliza lote. Kabla hujapigia benki, panda juu mistari kadhaa. Hayo makato karibu kila mara yana muamala ulioyaleta.

Angalia tarehe ya ada, kisha tafuta muamala wa siku hiyo au siku mbili tatu nyuma. Kama ni ATM utaona imeandikwa mahali ilipo. Hapa ndio kadi mbili za rangi moja zinakuponza, uko kwa foleni Oginga Odinga Street jioni Kisumu, watu nyuma wanaharakisha, unaingiza ile ya mkopo badala ya ile ya akaunti yako na mashine inakupa pesa tu bila kukuuliza kitu.

Kuna wengine hawajagusa ATM kabisa na bado wamekatwa, na hii ndio inasumbua zaidi. Kila biashara inayopokea kadi ina namba ya tarakimu 4 inayosema inafanya kazi gani: 6011 ni ATM, 4829 kutuma pesa, 7995 kamari, 6051 ni vitu vya karibu na pesa taslimu kama kununua fedha za kigeni. Benki nyingi zikiona hizo namba zinahesabu umechukua pesa taslimu, hata kama umebonyeza simu ukiwa kwa kiti chako Milimani. Kutoa pesa kwa kadi kuipeleka kwa simu pia kunaweza kuingia hapo. Namba yenyewe huwezi kuiona kwa stetimenti kwa kawaida, kwa hivyo ukipiga uliza hivi: muamala huu umeingia na namba gani ya biashara?

Sasa riba. Ukinunua vitu supamaketi na ulipe deni lote kabla ya tarehe ya mwisho, hulipi riba. Pesa taslimu haina hiyo nafasi, riba inaanza siku ile ile. Tuseme benki yako inatoza ada ya 5% na riba ya 3% kwa mwezi (hizi ni za mfano, zako ziko kwa karatasi ya ada za benki). Umetoa 10,000, ada ni 500 papo hapo, juu yake ushuru wa serikali, alafu kama shilingi 10 kila siku. Stetimenti ikitoka tarehe 15 na wewe ulipe tarehe 5, hizo siku kama 20 za katikati zimeendelea kuhesabiwa, ni shilingi 200 hivi, na zinakuja stetimenti inayofuata wakati unadhani ulishamaliza. Hapo ndipo watu wanasema wameibiwa. Na mwalimu wa Kakamega anayelipa kile kiwango cha chini tu kila mwezi anaumia zaidi, inaniuma sana kwa sababu hakuna aliyemkalisha chini akamweleza siku anapewa kadi.

Kwa hivyo usingoje tarehe ya mwisho. Piga leo, uliza salio la leo pamoja na riba iliyofika leo, lipa lote. Waombe pia warudishe ada kama ni mara yako ya kwanza, wakikataa hujapoteza kitu.

Kama muamala si wako, funga kadi kwanza kwa apu au kwa simu, kisha andika malalamiko kwa maandishi na udai namba ya kumbukumbu, fanya haraka kwa sababu kupinga muamala wa kadi kuna muda wake. Benki ikinyamaza, Benki Kuu ya Kenya inapokea malalamiko ya wateja, ambatisha barua yako na ile stetimenti.

Na ukiwa huko kwa benki, waambie washushe kikomo cha pesa taslimu cha hiyo kadi hadi sifuri kama wanaruhusu, kununua vitu kutaendelea kama kawaida.