Somo: Kuchagua na Kutunza Buti za Ngozi za Kazi ya Magogo

Buti za mkata magogo hufanya kazi isiyofanywa na viatu vingine vya ngozi. Hukanyaga matope na magogo yenye utelezi, hulowa na kukauka mara kwa mara, hukwaruzwa na matawi, na wakati huohuo hutakiwa kukishika imara kifundo cha mguu pale mtu anaposhuka mteremko akiwa na msumeno wa mnyororo mkononi. Nitaanza na uchaguzi, lakini nitakaa zaidi kwenye ukaushaji na upakaji mafuta, kwa sababu kwa maoni yangu buti nyingi huharibiwa na wenyewe jioni kuliko zinavyoharibiwa na magogo mchana.

Hatua ya 1: Itazame ngozi. Ngozi bora ni ile ambayo uso wake wa juu, yaani upande uliokuwa na manyoya, haukusuguliwa wala kuchongwa. Upande huo ndio wenye nyuzi zilizosongamana zaidi, na kwa hiyo hustahimili maji na mikwaruzo kuliko tabaka za ndani. Ngozi ya tabaka la chini hupakwa utando wa plastiki ili ing'ae, nayo hupendeza dukani, lakini utando huo ukishachanika maji hupenya na ngozi hulegea. Ikunje kidogo kwa kidole gumba: ngozi nzima hutoa mikunjo midogo isiyolingana, ilhali ile yenye utando hujikunja kama karatasi ngumu.

Hatua ya 2: Chunguza soli ilivyofungwa. Soli iliyoshonwa, ama kwa kuikunja ngozi ya juu kuelekea nje na kuishona moja kwa moja, ama kwa kupitisha ukanda wa ngozi kuzunguka ukingo, inaweza kubanduliwa na fundi na kubadilishwa pindi inapolika. Soli iliyobandikwa kwa gundi pekee au kumwagwa kwenye kalibu kwa kawaida haimpi fundi nafasi hiyo. Ndani ya soli, chini ya uvungu wa wayo, pawe na kipande cha chuma au cha ngozi ngumu, la sivyo wayo utachoka kwa kukanyaga matawi siku nzima. Kisigino kirefu, cha sentimita 4 hadi 5 hivi, si urembo, kwani hujichimbia kwenye udongo wa mteremko. Anayefanya kazi mahali tambarare anaweza kukikosa bila hasara kubwa.

Zipo pia buti zenye misumari kwenye soli, zinazowafaa wanaotembea juu ya magogo yenyewe. Misumari hiyo hufungwa kwa skrubu na hubadilishwa ikichakaa, lakini huteleza vibaya kwenye mwamba na sakafu ya saruji.

Hatua ya 3: Soma alama za usalama. Jambo hili hupuuzwa sana. Ngozi, hata iwe nene kiasi gani, haizuii mnyororo wa msumeno unaozunguka. Buti zilizotengenezwa kwa kazi hiyo huwa na tabaka za kinga ndani yake, hupimwa kwa kiwango cha kimataifa kiitwacho ISO 17249, na hubeba picha ndogo ya msumeno pamoja na daraja lake: daraja la 1 hupimwa kwa mnyororo wenye kasi ya mita 20 kwa sekunde, la 2 kwa mita 24, na la 3 kwa mita 28. Kofia ngumu ya vidoleni hupimwa kwa kiwango kingine, ISO 20345, ambacho hudai istahimili pigo la jouli 200, yaani karibu sawa na uzito wa kilo 20 ulioanguka kutoka kimo cha mita 1.

Hatua ya 4: Zijaribu alasiri. Miguu huvimba kidogo kadiri siku inavyoendelea, hivyo kipimo cha asubuhi hudanganya. Vaa soksi zilezile nene utakazovaa kazini, funga kamba hadi juu, kisha shuka ngazi au mahali penye mteremko. Vidole vikigonga mbele, buti hizo ni fupi, na hakuna kuzoea kutakakozirefusha. Kisigino kikiinuka kidogo sana wakati ngozi ni mpya, usiwe na wasiwasi, maana hali hiyo hupungua soli inapoanza kukunjika. Kwa siku za mwanzo zivae saa chache tu, ukizoea taratibu.

Hatua ya 5: Utunzaji wa kila jioni. Ondoa matope kwa brashi na kitambaa chenye unyevu kabla hayajakauka, kwa kuwa matope yakaukapo huvuta unyevu na mafuta kutoka kwenye ngozi, na mchanga uliojificha kwenye mikunjo huisaga kila unapopiga hatua. Safisha hasa mshono wa soli na sehemu ulimi unapokutana na ngozi ya pembeni. Toa soli ya ndani, legeza kamba, jaza karatasi za magazeti na kuzibadilisha zinapolowa, kisha ziweke buti kivulini penye hewa.

Usizianike karibu na moto, jiko wala bomba la moshi. Ngozi iliyolowa haivumilii joto kama ngozi kavu: nyuzi zake hujikunyata na kugandamana, mafuta hutoka, gundi hulegea, na kesho yake unavaa kitu kigumu kinachopasuka pale pale vidole vinapojikunja. Zikichukua siku mbili kukauka, ziache zichukue siku mbili. Anayeweza kumiliki jozi mbili na kuzivaa kwa zamu atapata faida kubwa, kwa sababu jasho nalo ni maji yenye chumvi.

Mafuta hupakwa pale ngozi inapoanza kupauka na kukakamaa, si kwa kufuata kalenda. Tumia mafuta ya ngozi au mchanganyiko wenye nta ya nyuki, upake tabaka jembamba kwa kitambaa buti zikiwa safi na zikiwa zimebaki na unyevu kidogo, usiku mzima uziache zinyonye, kisha ufute yaliyobaki. Mafuta yakizidi, ngozi hulainika kupita kiasi, hutanuka, na kukiacha kifundo cha mguu bila mshiko.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Buti zangu nilizikausha motoni na sasa zimekuwa ngumu kama ubao. Je, zinaweza kurudi?*

Marahaba. Ugumu unaweza kupungua kwa kiasi. Zifute kwa kitambaa chenye unyevu, upake mafuta kidogo kidogo kwa siku kadhaa, na uzikunje kwa mkono taratibu. Nyufa zilizokwisha kutokea hazifungi, na zikiwa kwenye mkunjo wa vidole zitaendelea kupitisha maji.

*Ndugu mwalimu, naomba kujua kama mafuta ya kupikia au oili chafu ya injini vinaweza kutumika, kwa kuwa ndivyo tulivyo navyo kazini.*

Hapana, vyote viwili. Mafuta ya kupikia huchacha na kuacha harufu, na oili ya injini hudhoofisha mpira wa soli. Hata oili ya mnyororo ikidondokea buti, ifute siku hiyohiyo.

*Nilihifadhi jozi mpya kwa miaka kadhaa bila kuivaa, na siku ya kwanza kuivaa soli ilimeguka vipandevipande. Niliuziwa bidhaa bandia?*

Si lazima. Soli nyingi nyepesi hutengenezwa kwa poliyurethani, aina ya plastiki ambayo huvunjwavunjwa polepole na unyevu wa hewa hata kiatu kikiwa ndani ya boksi. Soli za mpira hazina udhaifu huo. Kama ngozi ya juu ni nzima, mwoneshe fundi akuambie iwapo soli nyingine inaweza kushonwa.

*Je, ukungu mweupe uliotokea stoo unaondolewaje?*

Uufutie nje ya nyumba kwa kitambaa chenye siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, uziache buti zikauke kivulini, kisha upake mafuta kidogo. Usizirudishe kwenye mfuko wa plastiki.

*Gogo liliangukia buti yangu yenye kofia ya chuma. Mguu uko salama na kofia imebonyea kidogo tu. Niendelee kuivaa?*

Usiendelee. Kofia iliyokwisha kupokea pigo zito haiwezi kutegemewa kupokea la pili, na ile isiyo ya chuma inaweza kuwa na ufa usioonekana kwa nje.