Ukipima stoo kwa futi, gawanya kwa 35.3

Mahindi ya msimu wa kwanza yakianza kuingia stoo, kuanzia Julai, wakulima wa huku Kiryandongo na Masindi, Uganda, huniletea karatasi za vipimo wakiuliza wanunue vidonge vingapi vya kuua fukusi. Mahindi wamekausha vizuri, chini ya asilimia 13.5 ya unyevu. Hesabu ndiyo mbovu.

Futi kamba ya fundi ina futi upande mmoja na sentimita upande wa pili. Mkulima anasoma futi, anazidisha urefu kwa upana kwa kimo, anakumbuka kuwa mita moja ni futi 3.28, anagawanya mara moja na kwenda dukani. Jamani! Vipimo ni vitatu, basi gawanya kwa 3.28 mara tatu. Mita moja ya ujazo ni futi za ujazo 35.3.

Chukua stoo ya futi 20 kwa 14, ukuta futi 9: futi za ujazo 2,520. Gawanya kwa 35.3, unapata mita za ujazo 71.4. Gawanya kwa 3.28, unapata 768. Hapo umenunua dawa ya stoo kumi, na gesi ya fosfini inayotoka kwenye vidonge hivyo haichagui kati ya fukusi na mtoto wako.

Hata hiyo 71.4 haijakamilika, maana umeishia juu ya ukuta. Kama hakuna dari, gesi hupanda mpaka kwenye mabati. Pima kwa ndani, kutoka usawa wa juu wa ukuta hadi kilele cha paa. Kikiwa futi 4, zidisha 20 kwa 14 kwa 4, kisha gawanya kwa mbili kwa kuwa paa la miteremko miwili ni nusu ya sanduku: 560. Jumla 3,080, yaani mita za ujazo 87.3. Aliyesahau paa amepunja dawa karibu moja ya tano. Fukusi wakubwa watakufa, mayai na pupa (buu anayegeuka kuwa fukusi) waliomo ndani ya punje watabaki.

Usipunguze nafasi ya magunia kwenye hesabu. Gesi hupenya humo pia, na chumba kikiwa nusu tupu bado kinahesabiwa chote.

Kuta za matofali ya udongo hazinyooki, kwa hiyo pima kila upande sehemu mbili, uchukue wastani. Na kwa nini usisome mita tangu mwanzo?

Vidonge kwa kila mita ya ujazo vimeandikwa kwenye kibandiko. Aviweke mtaalamu aliyesajiliwa, si kijana wa bodaboda. Stoo iliyoungana na chumba cha kulala haifukizwi kabisa. Ziba nyufa, funga siku saba. Siku ya tatu usichungulie! Ukifungua, acha hewa ipite siku mbili nzima kabla ya kubeba gunia.

Usipoona unga mpya chini ya magunia, imefanya kazi. Vipimo viandike kwa mkaa nyuma ya mlango, vitatumika tena mavuno ya Desemba.