Siku ya 14 imetuponza wengi: jinsi ya kuhesabu mzunguko wako kwa kufuata homoni

Mwanangu wa pili ni mtoto wa "siku salama". Nilihesabu kalenda vizuri tu, mzunguko wangu siku 28, yai linatoka siku ya 14, ikafika siku ya 18 nikajua hatari imeshapita, mimi na baba yake hatuna habari. Nilichosahau ni kwamba wiki ya pili ya mwezi ule nilikuwa hoi kitandani na malaria, na kumbe yai nalo lilikuwa linanisubiri nipone. Dogo ana miaka 6 sasa hivi, na yeye ndio aliyenikalisha chini nikajifunza hizi homoni upya, maana baiolojia ya sekondari nilikariri, nikafaulu, nikasahau.

Haya, chukua daftari. Siku ya kwanza ya damu yenyewe, sio vile vidoa vya kahawia vya jana yake, andika siku ya 1. Endelea mpaka siku ya 1 nyingine, huo ndio urefu wa mzunguko wako. Fanya miezi mitatu, sita ni bora zaidi. Kwa mtu mzima kuanzia siku 21 mpaka 35 ni kawaida, na ukicheza siku mbili tatu usianze kutafuta mchawi.

Sasa ujue bosi ni nani. Wengi tunadhani mifuko ya mayai ndio inajiamulia, wapi, amri inatoka kichwani. Kuna sehemu ya ubongo inaitwa haipothalamasi, inatuma homoni yake kwa mapigo mapigo, katika nusu ya kwanza ya mzunguko, kabla yai halijatoka, ni kama kila saa moja au moja na nusu, inaenda kwenye tezi ya pituitari pale chini ya ubongo, kitu cha ukubwa wa punje ya njegere, na hiyo njegere ndio inamwaga homoni mbili, FSH na LH, kwenye damu. FSH inakuza vifuko vyenye mayai, vinaanza vingi ila kwa kawaida kimoja kinawapita wenzake, na kikikua kinatoa estrojeni. Estrojeni inajenga ukuta wa mji wa mimba huku inaiambia pituitari ipunguze FSH. Mpaka hapo ni kama boya la tenki, maji yakijaa linafunga. Ila estrojeni ikipanda sana na ikakaa juu kama siku mbili hivi, boya linageuka, badala ya kufunga linafungulia, LH inamwagika kwa fujo na baada ya saa kama 36 yai linatoka. Mimi hapa ndio huwa nashangaa kila nikisoma, homoni ile ile, kazi mbili zinazopingana.

Na haipothalamasi inasikia kila kitu. Homa kali, msiba, kujinyima kula ili upungue, mazoezi ya kupitiliza, ikiona hali ni mbaya inapunguza mapigo, kifuko hakikui kwa wakati, yai linachelewa. Ndicho kilichonikuta mimi.

Yai likishatoka, ganda lililobaki linageuka rangi ya njano na kuanza kutoa projesteroni, hiyo ndio inatandika kitanda cha mimba. Lile ganda lina umri wake, siku 12 mpaka 14 hivi, kama hakuna mimba linakufa, projesteroni inashuka, ukuta unabomoka, unaingia siku zako. Umeona? Nusu ya pili haichezi sana, inayovutika kama lastiki ni nusu ya kwanza. Kwa hiyo ile 14 inahesabiwa kurudi nyuma kutoka hedhi inayokuja: mwenye mzunguko wa 28 ni siku ya 14 kweli, wa 34 ni karibu na siku ya 20, wa 24 ni siku ya 10.

Shida ni kwamba hedhi inayokuja huijui mpaka ije, ndio maana daftari peke yake halitoshi, angalia na mwili. Ukienda chooni angalia ute. Estrojeni ikiwa juu ute unakuwa mwingi, unateleza, ukiushika kwa vidole viwili unavutika bila kukatika kama ute mweupe wa yai bichi. Hizo ndio siku zenyewe. Projesteroni ikiingia unakuwa mzito au unakauka kabisa. Ukitaka uhakika zaidi nunua themometa ya digitali famasi, yenye desimali mbili, ujipime asubuhi kabla hujainuka hata kwenda kukojoa. Projesteroni inapandisha joto kama nyuzi 0.2 mpaka 0.5, likipanda likakaa siku tatu ujue yai limeshapita. Ila themometa inakupa habari za jana, anayetafuta mtoto akiisubiri ipande atakuwa amechelewa, kwa sababu yai linaishi saa 24 tu wakati mbegu za baba zinaweza kukaa mpaka siku 5. Kwa hiyo mkutane kuanzia ute unapoanza kuvutika. Na kama hutaki mimba, hesabu hizi kwa mwenye mzunguko unaoyumba ni bahati nasibu, nenda kliniki uchague njia.

Hapo hapo kuhusu P2, kile kidonge cha dharura cha kuzuia mimba baada ya tendo, haitoi mimba. Inachelewesha ule mmwagiko wa LH ili yai lisitoke, ndio maana unaambiwa ndani ya saa 72 na mapema zaidi ni bora, LH ikishamwagika haina la kufanya.

Kipimo nacho kinaponza watu. Shoga yangu mzunguko wake ni wa siku 35, akaambiwa akapime projesteroni siku ya 21, majibu yakatoka chini, akaambiwa hapevushi mayai, akalia wiki nzima. Siku ya 21 kwake ndio kwanza yai linatoka! Kile kipimo ni siku 7 kabla ya hedhi, kwake ni siku ya 28. Alivyorudia ikawa juu.

Ukikaa miezi mitatu bila kuona siku zako na kipimo cha mimba kinasema hapana, au maziwa yanatoka na hunyonyeshi (hiyo mara nyingi ni prolaktini, homoni ya maziwa, imezidi, na yenyewe inaziba yale mapigo ya kichwani), muone daktari. Na daftari uende nalo, swali la kwanza atakalokuuliza ni tarehe.